Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Umakini wa Binadamu

Maswali yafuatayo ndiyo ambayo wazazi, walimu, madereva na wanafunzi hapa Tanga huyauliza zaidi mazungumzo yanapofika kwenye umakini. Majibu yamejengwa juu ya majaribio ya wanasaikolojia, na pale ambapo wataalamu wamebishana, ubishi huo umetajwa. Ninaamini kwamba lawama nyingi tunazowatupia watoto, wafanyakazi na hata nafsi zetu zinatokana na kutojua kwamba umakini una mipaka ya kimaumbile, na kwamba mipaka hiyo haiondoki kwa kukaripiwa.

Umakini ni nini kwa mtazamo wa saikolojia?

Ni uteuzi. Kila wakati macho, masikio, ngozi na kumbukumbu huleta habari nyingi kuliko akili inavyoweza kuzishughulikia, na umakini ni utaratibu unaoamua kipi kishughulikiwe kwa kina na kipi kiachwe. Mwaka 1890 mwanasaikolojia wa Marekani, William James, alieleza kwamba kuzingatia ni akili kulishika jambo moja kwa uwazi kati ya mengi yaliyopo, na kuyaachia mengine ili lile moja lishughulikiwe vizuri. Sehemu ya pili ya maelezo hayo ndiyo tunayoisahau. Mwanafunzi aliyezama katika hesabu asimsikie mama yake akimwita hana dharau, kwa sababu kuzama kwenyewe kumefanyika kwa gharama ya sauti ya mama.

Wataalamu hutofautisha umakini unaoongozwa na nia na ule unaonyakuliwa na tukio. Unapoitafuta baiskeli yako kati ya nyingi zilizoegeshwa nje ya soko la Mgandini, nia ndiyo inayoongoza. Honi ikilia ghafla nyuma yako, umakini umenyakuliwa. Wa kwanza hutupeleka tunakotaka na wa pili hutulinda na tusichokitarajia, na katika maisha ya kila siku aina hizi mbili hushindana.

Kwa nini akili haipokei kila kitu kwa pamoja?

Kikwazo cha kwanza ni jicho lenyewe. Eneo linaloonekana kwa ukali kamili ni la nyuzi 2 hivi, yaani upana wa kidole gumba chako ukiunyoosha mkono, na ndiyo maana macho huruka kutoka mahali hadi mahali mara tatu hivi kwa sekunde bila sisi wenyewe kujua. Kikwazo cha pili kiko ndani zaidi. Mtu akipewa ishara mbili zinazofuatana kwa haraka, na kila moja ikahitaji jibu lake, jibu la pili huchelewa hata kama kazi zote mbili ni rahisi sana. Aliyewahi kusubiri kivuko cha Pangani anaielewa hali hii: magari hufika kwa wingi na kwa kasi yoyote, lakini kuvuka yatavuka kwa zamu.

Mwaka 1992 Jane Raymond, Kimron Shapiro na Karen Arnell walionyesha jambo linalokaribiana na hilo. Watu walitazama herufi zikipita moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa, na waliogundua herufi ya kwanza waliyoitafuta mara nyingi waliikosa ya pili iwapo ilitokea baada ya kati ya milisekunde 200 na 500. Macho yalikuwa wazi na herufi ilipita mbele yake, ila akili ilikuwa bado inaimalizia ile ya kwanza.

Katika ukumbi wa harusi wenye muziki na vigelegele, ninawezaje kumsikia mtu mmoja tu?

Swali hili ndilo lililoanzisha utafiti wa kisasa wa umakini. Mwaka 1953 Colin Cherry, mtafiti wa Uingereza, aliwavalisha watu vipaza sauti vya masikioni, akapeleka maneno tofauti katika kila sikio, na kuwataka wayarudie kwa sauti maneno ya sikio moja tu. Waliweza. Lakini walipoulizwa kuhusu sikio la pili, walijua tu kwamba kulikuwa na mtu anazungumza, na kama sauti ilibadilika kutoka ya mwanamume kuwa ya mwanamke waligundua. Yaliyosemwa hawakuyajua, na hata lugha iliyotumika hawakuweza kuitaja kwa uhakika.

Donald Broadbent alilieleza jambo hilo mwaka 1958 kwa nadharia ya chujio: akili huchagua sauti kwa sifa zake za nje, kama vile upande inakotoka na uzito wake, kisha maana hutafutwa kwa ile iliyopita tu. Maelezo hayo yalikuwa mazuri, lakini mwaka uliofuata Neville Moray aliyatia dosari. Aliingiza jina la msikilizaji mwenyewe katika sikio lisilozingatiwa, na takriban theluthi moja ya watu walilisikia. Kama chujio linafunga kabisa, jina lilipitaje? Anne Treisman alipendekeza kwamba chujio halifungi bali hupunguza, kwa hiyo maneno yenye uzito kwetu hupenya hata yakiwa yamefifia. J. Anthony Deutsch na Diana Deutsch walikwenda mbali zaidi mwaka 1963 na kusema kwamba maana ya kila kitu huchambuliwa kwanza, na uteuzi hufanyika mwishoni.

Ubishi huo ulidumu miaka mingi. Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni ya Nilli Lavie, aliyesema mwaka 1995 kwamba yote mawili hutokea kutegemea uzito wa kazi: kazi ikiwa nzito kwa macho au masikio, hakuna nafasi inayobaki kwa mengine na uteuzi hufanyika mapema, kazi ikiwa nyepesi, nafasi iliyobaki huchukuliwa na chochote kilicho karibu, tutake tusitake. Ndiyo maana kazi nyepesi mno humfanya mtu ababaishwe na kila mlio.

Kuna jambo la heshima la kuongeza hapa. Kadiri umri unavyokwenda, kuitenga sauti moja katika kelele kunakuwa kugumu, hata kwa mtu anayesikia vizuri mahali penye utulivu. Bibi anayenyamaza harusini au kujibu jambo ambalo hakuulizwa huenda hajachanganyikiwa hata kidogo. Mkalishe mbali na spika, kaa mbele yake auone mdomo wako, na watu wawili wasizungumze naye kwa pamoja.

Dereva aliyemgonga mwendesha baiskeli anaapa kwamba alitazama na hakumwona. Je, inawezekana anasema kweli?

Inawezekana kabisa. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu mkanda wa video wa vijana wanaopasiana mpira, wakawataka wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe alitembea hadi katikati ya wachezaji, akajipiga kifua, akaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona, na wengi walishangaa walipoonyeshwa mkanda huo tena.

Wengine hudhani kwamba utaalamu hutibu upofu huu. Mwaka 2013 Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe waliweka picha ya sokwe ndani ya picha za mapafu ambazo madaktari wa mionzi walikuwa wakizichunguza kutafuta vinundu vya saratani. Sokwe huyo alikuwa mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida, na bado madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona, ingawa kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba wengi wao walitazama pale pale alipokuwa.

Tanga ni mji wa baiskeli, na pikipiki za bodaboda zimeongezeka juu yake. Dereva anayetoka barabara ndogo ya Ngamiani kuingia barabara kubwa huwa akili yake inatafuta gari, kwa kuwa gari ndilo linaloweza kumdhuru yeye; baiskeli haimo katika anachokitafuta, kwa hiyo inaweza kupita mbele ya macho yake isimfikie. Silisemi hili kumpunguzia dereva wajibu, kwa sababu aliyejeruhiwa anaumia vilevile. Nalisema kwa sababu dawa ya mtu mzembe na dawa ya mtu ambaye umakini wake haukufika si moja. Dereva ajizoeze kujiuliza waziwazi, kabla ya kuingia barabarani, "baiskeli iko wapi?", kisha atazame mara ya pili. Mwendesha baiskeli avae rangi inayong'aa, awashe taa hata magharibi inapoanza tu kuingia, na asichukulie kwamba kutazamwa ni kuonekana.

Je, inawezekana macho yawe hapa na umakini uwe pengine?

Ndiyo. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, aliligundua hilo katika karne ya 19 kwa kukaza macho kwenye nukta moja gizani huku akielekeza umakini pembeni. Michael Posner alilipima mwaka 1980: mtu aliyedokezwa upande ambako ishara itatokea aliijibu upesi zaidi, ingawa macho hayakuondoka katikati. Golikipa anayemtazama mpigaji huku akili yake iko kwa mshambuliaji anayejipenyeza pembeni anafanya jambo hilohilo.

Mimi naweza kuzungumza na simu huku naendesha, mradi mikono iko kwenye usukani. Kuna ubaya gani?

Ubaya upo kwenye mazungumzo, haupo mikononi. David Strayer na William Johnston walionyesha mwaka 2001, kwa kazi ya kuiga uendeshaji, kwamba watu waliokuwa wakizungumza na simu walikosa ishara zaidi ya mara mbili ya walivyozikosa walipokuwa kimya, na waliotumia simu isiyoshikwa mkononi hawakuwa na nafuu yoyote. Kuzungumza na abiria ni tofauti, kwa sababu abiria anaiona barabara: lori likichomoza kwenye kona kati ya Segera na Muheza, yeye mwenyewe hunyamaza. Aliye upande wa pili wa simu haoni lori, naye huendelea kudai jibu.

Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka, na maabara zimewaunga mkono. Tunachokiita kufanya mambo mawili kwa pamoja, kama yote mawili yanahitaji kufikiri, mara nyingi ni kuhama haraka kutoka moja hadi lingine, na kila kuhama kuna hasara ya muda na makosa. Sophie Leroy aliongeza mwaka 2009 kwamba mtu akiiacha kazi kabla haijakamilika, sehemu ya fikra zake hubaki kulekule, na kazi mpya inaanza na akili pungufu. Watu wa kipekee wapo: mwaka 2010 Jason Watson na Strayer waliwapima watu 200 na kupata asilimia 2.5 ambao hawakuharibu lolote walipoendesha na kuzungumza kwa pamoja. Naomba msomaji asijihesabu haraka miongoni mwao.

Kinachowadanganya watu ni kazi zilizozoeleka. Mama anayesukuma chapati huku anasimulia hagawanyi umakini wake sawasawa. Mikono imekwisha kufanya kazi hiyo mara nyingi hata haiuhitaji tena. Mazoea yanaweza pia kuwa na nguvu ya kuzuia. Neno "nyekundu" likiandikwa kwa wino wa kijani, na mtu akaombwa ataje rangi ya wino, husita, kwa sababu kusoma kumekuwa jambo linalojiendesha lenyewe. John Ridley Stroop alichapisha jaribio hilo mwaka 1935, nalo bado linatumika hospitalini na maabara.

Kwa nini mawazo yananijia nikiwa ndani ya swala?

Upande wa ibada una wenyewe, na masheikh wetu wameueleza kwa kina wanapozungumzia khushui, yaani utulivu na unyenyekevu wa moyo ndani ya swala. Hapa linajibiwa upande wa akili tu, na jibu linamhusu vilevile anayesali rozari.

Kuhama kwa mawazo ni hali ya kawaida ya binadamu. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert waliwauliza watu wazima wapatao 2,250, kwa kuwastukiza kupitia simu wakiwa katika shughuli zao, na katika karibu asilimia 47 ya nyakati hizo akili ya mtu haikuwa kwenye alichokuwa akikifanya. Swala ina hali inayolizidisha jambo hili: sura fupi tulizozihifadhi chuoni, yaani madrasa, tangu utotoni zinasomwa na ulimi bila kuhitaji umakini, na umakini ulioachwa huru huelekea kwenye lile linalotukera zaidi, kama deni, mgonjwa aliyelazwa au maneno tuliyotupiana na jirani. Kujilazimisha kutoliwaza jambo hakusaidii. Daniel Wegner alionyesha mwaka 1987 kwamba watu walioambiwa wasimfikirie dubu mweupe waliendelea kumfikiria, na walipoachwa huru baadaye alizidi kuwajia.

Yanayosaidia ni kuupa umakini kazi: kusoma taratibu, kufuata maana ya kila aya, kubadilisha sura badala ya kurudia zilezile, na kuandika pembeni kabla ya kusimama lile jambo unaloogopa kulisahau. Wazo likija, rudi ulipokuwa bila kujigombeza, kwa kuwa kujigombeza nako ni wazo lingine.

Mlinzi wa usiku hupitiwa ingawa amelala vizuri mchana. Ni uvivu?

Norman Mackworth alilichunguza swali la namna hii kwa ajili ya askari wa Uingereza waliokuwa wakitazama rada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1948 alichapisha matokeo yake. Watu walitazama mshale wa saa kwa saa 2, wakisubiri mruko usio wa kawaida uliotokea mara chache. Uwezo wao wa kuugundua ulishuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Kadiri kinachosubiriwa kinavyokuwa adimu ndivyo kinavyokosekana kirahisi zaidi, na hali hii inamgusa mkaguzi wa mizigo bandarini sawa na mwalimu anayesimamia mtihani. Kubadilishana zamu na kupumzika hufanya kazi kuliko vitisho.

Je, ni kweli kwamba simu zimeushusha umakini wetu hadi sekunde 8, chini ya samaki?

Hapana. Dai hilo halina utafiti wowote nyuma yake, wala umakini hauna urefu mmoja unaopimwa kwa sekunde. Mtu yuleyule huchoka na hotuba kwa dakika mbili na kukaa saa nzima akitazama Coastal Union ikicheza Mkwakwani. Simu, hata hivyo, ina madhara yake ya kweli. Cary Stothart na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba mlio au mtikisiko wa ujumbe, hata usipofunguliwa, uliharibu kazi iliyohitaji umakini. Anayesoma kwa mtihani aizime kabisa au aiache chumba kingine.

Mtoto wangu hatulii shuleni wala chuoni. Je, ana ugonjwa?

Usianze na ugonjwa, na usianze na fimbo. Anza na macho na masikio, kwa sababu mtoto asiyeona ubao hana cha kuzingatia. Angalia usingizi wake: mtoto anayeamka kabla ya alfajiri, akashinda shule, akaenda chuo jioni na kulala usiku mwingi atakuwa na umakini mbovu bila ya kasoro nyingine. Angalia njaa, upungufu wa damu, malaria zinazojirudia, na hofu ya kupigwa au kuonewa. Akili ya mtoto mwenye hofu haiko mbali. Iko kazini, inamlinda na kile anachokihofia.

Baada ya hayo yote kuna watoto ambao wana tatizo la upungufu wa umakini na utundu uliopitiliza, linalojulikana kwa kifupi kama ADHD. Muhtasari wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba linawapata asilimia 5 hivi ya watoto. Vigezo vya wataalamu wa Marekani vya mwaka 2013 vinataka dalili sita au zaidi za kutozingatia au za utundu, zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla ya umri wa miaka 12, na zinazoonekana katika mazingira mawili au zaidi. Mtoto anayesumbua shule tu na nyumbani ametulia hatimizi kigezo hicho cha mwisho. Wasichana wengi hukosa msaada kwa sababu wao huduwaa kimya badala ya kurukaruka, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi hamwoni aliye kimya.

Wazazi huniuliza mbona mtoto huyohuyo hutazama katuni saa mbili bila kupepesa. Katuni hunyakua umakini kwa mwendo na sauti, na mtoto hahitaji kuongoza chochote; linalomshinda ni kuuongoza mwenyewe kwenye jambo lisilovutia. Nenda kituo cha afya kilicho karibu ueleze unayoyaona nyumbani na aliyoyasema mwalimu, uombe rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa ya Bombo ikihitajika.

Je, michezo ya akili kwenye simu au kahawa vinaongeza umakini?

Michezo hiyo humfanya mtu awe hodari wa michezo hiyo. Adrian Owen na wenzake waliwafuatilia watu 11,430 kwa wiki sita na kuripoti mwaka 2010 kwamba ustadi waliopata haukuhamia kwenye kazi nyingine. Kahawa huongeza kuwa macho kwa muda, ila ikinywewa jioni hukopa usingizi, na hakuna kinachoharibu umakini kama kukosa usingizi.

Mzee wetu alipata kiharusi. Tangu hapo anakula nusu ya sahani tu na kuiacha ya kushoto, ingawa macho yake ni mazima. Anafanya makusudi?

Hafanyi makusudi. Kiharusi kikiharibu upande wa kulia wa ubongo, hasa sehemu ya juu kuelekea kisogoni, mgonjwa anaweza kupoteza umakini wa upande wa kushoto. Chakula kiko pale na jicho linakitazama, lakini kwake upande huo ni kama haupo. Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti walieleza mwaka 1978 wagonjwa wawili wa Milan walioombwa wawaze wamesimama upande mmoja wa uwanja mkuu wa jiji lao na kuyataja majengo: walitaja zaidi ya kulia. Walipoombwa wawaze wamesimama upande wa pili, waliyataja yale waliyoyaacha mwanzo, na yale waliyoyataja mwanzo wakayaacha. Kumbukumbu ilikuwa kamili, isipokuwa umakini haukuweza kuifikia nusu yake.

Wagonjwa wengi hupata nafuu katika wiki na miezi ya mwanzo. Kaeni kushoto kwake mnapozungumza naye ili ajizoeze kugeuka, mkumbusheni kwa upole atazame kushoto hadi ukingo wa sahani, na akisoma wekeni mstari mwekundu pembeni mwa ukurasa kushoto ili autafute kabla ya kuanza kila mstari. Akishindwa, zungusheni sahani, msimwambie ana ukaidi. Asivuke barabara peke yake, na jiko la mkaa lisiwekwe kushoto kwake, kwa kuwa anaweza kuungua mkono asijue mapema. Na hali hii ikimjia mtu ghafla, ambaye hapo awali alikuwa mzima, apelekwe hospitali saa hiyohiyo bila kusubiri asubuhi.